Mtoto anachora simba akirarua swala, mzazi afanye nini?

Simba amemkaba pundamilia shingoni, na penseli nyekundu imekaribia kuisha kwa kuchora damu. Mzazi anayekuta mchoro wa namna hii kwenye daftari la mtoto wake hushtuka. Wapo wanaokemea, wapo wanaochana karatasi, na wapo wanaoanza kujiuliza kama mtoto ana tatizo.

Mara nyingi hakuna tatizo lolote. Mnyama anayewinda na mnyama anayewindwa ni miongoni mwa mada za kale kabisa katika sanaa ya binadamu.

Katika pango la Chauvet, kusini mwa Ufaransa, lililogunduliwa Desemba 1994, kuna kundi la simba waliochorwa kwa mkaa ukutani. Wamenyoosha shingo na kukaza macho, wakiwafuata wanyama jamii ya nyati. Michoro hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 30,000. Hapa nyumbani, kwenye miamba ya Kolo, Kondoa, watu wa kale walichora pofu, twiga, tembo na binadamu wenzao kwa rangi nyekundu. Unesco iliiweka michoro ya Kondoa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Si lazima mchoraji awe ameshuhudia mawindo. Mfaransa Henri Rousseau, aliyekuwa karani wa ushuru jijini Paris, mwaka 1905 alionyesha picha kubwa ya simba mwenye njaa akimrukia swala. Hakuwahi kutoka nje ya Ufaransa. Wanyama aliwaona kwenye bustani na makumbusho ya jiji hilo, wengine wakiwa wamekaushwa. Mtoto wa Mbagala anayemjua chui kwa kumwona kwenye simu anafanya jambo lile lile.

Naye Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora wanyama wa porini mwaka 1968 akiwa Dar es Salaam, kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini hadi leo mtindo wake unalisha familia nyingi.

Kwa nini watoto huvutiwa

Kwenye karatasi, hofu inashikika. Mtoto ndiye anayeamua simba awe mkubwa kiasi gani, na swala akamatwe au aponyoke. Ndiyo maana hata hadithi za bibi zimejaa sungura anayemzidi simba akili. Mtoto mdogo, anayezungukwa na watu wakubwa kuliko yeye, anaielewa haraka hadithi hiyo.

Pia, watoto wengi wa kati ya miaka mitano na saba huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi. Maswali hayo hayatoki kwa mdomo kila mara. Mengine hutokea kwenye mchoro.

Mzazi aseme nini

Asianze na "Mbona unachora mambo mabaya?" Aseme, "Hebu nisimulie picha yako," kisha anyamaze asikilize. Asikisie mtoto amejichora wapi, kwani anaweza kuwa simba, swala, au mtalii aliye ndani ya gari.

Akiuliza kwa nini simba ni mkatili, ajibiwe ukweli: simba hawezi kuishi kwa majani, na ana watoto wa kulisha. Aambiwe pia kwamba simba hukosa windo mara nyingi kuliko anavyopata. Watoto wengi hufurahi kusikia hilo, na mchoro unaofuata huwa na swala anayekimbia.

Wakati wa kuwa na wasiwasi

Mchoro peke yake si ugonjwa, na hautoshi kuthibitisha kwamba mtoto amedhurika. Mzazi aangalie mwenendo mzima. Dalili za kuzingatia ni mtoto kurudia tukio lile lile kwa wiki nyingi akiwa na huzuni au hofu, ndoto za kutisha, kukojoa kitandani wakati alishaacha, kujitenga, kuogopa mtu fulani, au kuumiza wanyama na wenzake. Akisema mnyama mkali kwenye picha ni mtu anayemfahamu, asikilizwe kwa utulivu na asiitwe mwongo.

Hapo msaada utafutwe kituo cha afya au kwa ofisa ustawi wa jamii. Kwa Tanzania na Kenya, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Simu na rangi

Video za mawindo zina mafunzo, lakini zina kiasi chake. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asikae mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Ni vizuri mzazi akaangalia naye, kisha simu iwekwe kando na karatasi itolewe.

Hatari ambayo wazazi wengi hawaioni ipo kwenye kopo la rangi. Mtoto anayetaka kuchora kama mafundi wa Tingatinga asipewe mabaki ya rangi ya mafuta ya kupakia milango au mageti. Baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi, ambayo huathiri ubongo wa mtoto unaokua. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Penseli za rangi, kreyoni na rangi za maji zilizoandikwa kuwa ni za watoto zinatosha. Mkaa wa jikoni uliopoa nao unafaa, na ndio waliotumia wachoraji wa Chauvet. Mtoto anawe mikono kwa sabuni akimaliza, hasa kabla ya kula.