Kasongo: Tangazo la wanafunzi linapofika Lusangi siku zimeshapita

KASONGO – Kamati ya wanafunzi ikibandika tangazo kwenye valve ya chuo, kisha ikilituma kwa WhatsApp, inahesabu kazi imekwisha. Lakini mwanafunzi aliyerudi likizoni Lusangi au Kabambare, pale rezo inapokosekana, anangoja abiria wa pikipiki amletee habari. Tarehe ya mwisho ya kulipa ada haimngoji. Anaweza kufungiwa mtihani, hata kama mzazi alishauza mchele na mafuta ya mawese.

Rezo peke yake haielezi yote. Umoja wa taifa wa wanafunzi, UGEC, ulizaliwa mwaka 1961, ukawa na sehemu zake ndani ya nchi na hata Ulaya. Mobutu aliufuta mwaka 1968, na JMPR, tawi la vijana la chama chake, ikashika nafasi. Toka hapo neno likawa la kuteremka tu. Juni 4, 1969, wanafunzi wa Kinshasa waliandamana kudai burse na sauti katika uongozi wa chuo. Askari wakawafyatulia risasi.

Mazoea ya kuteremsha hayajaisha: valve inasema, haisikii.

Kumbe shefu wa promosheni anajua nani anatoka kijiji gani. Akiandika orodha kabla ya likizo, barua moja inatosha kijiji kizima: isomwe msikitini Ijumaa, kanisani siku ya Mungu, na redioni. Chini yake iwekwe namba ya simu ya mtu atakayepokea majibu. Hiyo namba ndiyo inayosahauliwa kila mara.