Umelenga Tembe Moja? Tulia, Kuna Rada

Hii risto ni ya msee wa mtaa anakula ARV, dawa za HIV, na hataki mtu ajue. Ako Kayole, Umo, Githu ama hostel huko Juja, anashare keja na mabeshte wawili, na kopo yake iko ndani ya soksi chini ya begi. Dawa anaiamini. Daktari anamuamini. Noma yake ni saa tatu usiku, ju saa tatu ikifika mabeshte wako hapo kwa kitanda wanacheki mpira, na hiyo kopo ukiigusa tu inalia kama kayamba. Basi anangoja walale. Analala yeye kwanza.

Dozi mob hupotea hivyo. Kliniki wakimuuliza mbona alilenga, atasema alisahau, ju hiyo ndio jibu rahisi. Lakini ukikaa na yeye mos mos utaskia mengine: kulikuwa na wageni, alikuwa ocha kwa matanga akalala chumba moja na mabinamu, alikuwa kwa manzi ambaye bado hajamshow. Kichwa yake inakumbuka fiti. Kujificha ndio kunamkulia saa.

Sasa tuanze na ile kitu inakusumbua sai. Umeshtuka saa tano asubuhi na dozi ilikuwa ya jana saa tatu usiku. Meza hapo hapo. Usiku ikifika saa tatu yako ya kawaida, meza ya leo. Kama umekumbuka time imeenda sana, imebaki kama masaa 4 ama chini ya hapo ndio dozi ingine ifike, hiyo iliyopita iache, ungoje ya saa yake. Usimeze mbili pamoja ati unalipa deni. Hakuna deni.

Hapo nabonga kuhusu TLD, ile tembe moja kwa siku ambayo wasee wengi wa Kenya wako nayo tangu gava ianze kuisambaza, mwaka wa 2018 na 2019 hivi. Ndani yake kuna tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Kama uko kwa dawa zingine, uliza kliniki rada yako ni gani. Na kama unatibiwa TB kwa rifampicin, ujue hiyo rifampicin inapunguza dolutegravir mwilini, ndio maana unaongezewa ingine, inakuwa mara mbili kwa siku, masaa 12 katikati. Kwa hiyo miezi, kuchelewa kunauma zaidi.

Mbona basi tusumbuane na saa, kama kuchelewa kidogo hakuharibu? Virusi havimaliziki mwilini, maze. Vingine vimelala ndani ya seli za kinga, na vikiwa vimelala hivyo dawa haiviwezi. Kazi ya dawa ni kungoja kimoja kiamke: dolutegravir inakikataza kujipandikiza kwa seli mpya, hizo zingine mbili zinakikataza kujinakili. Ndio zifanye hiyo kazi, lazima ziwe mwilini usiku na mchana. Dolutegravir hupungua nusu kila kama masaa 14, so ukichelewa masaa matatu bado iko ya kutosha. Lakini ukilenga leo, kesho, na wikendi yote, inabaki kidogo tu, virusi vinaanza kuzaana mbele yake, na vile vinajifunza kuihepa ndivyo vinabaki na kuongezeka. Usugu huingilia hapo. TLD ni ngumu virusi kuizoea kuliko zile dawa zilikuwa mbeleni, na kwangu hiyo ni moja ya vitu bora zimewahi kufikia kizazi yetu. Bado ukiiacha kabisa, kwa watu wengi virusi hurudi kwa damu ndani ya wiki chache.

Halafu kuna hii ya dishi, na nataka kuisema kwa nguvu ju inaumiza wasee wako kwa msoto. Mtu amerauka kutafuta mjengo, ameikosa, amerudi kejani saa mbili usiku na hana hata mbao ya mandazi. Anaangalia tembe, anasema siwezi kumeza na tumbo tupu, nitameza kesho nikipata kitu. Kesho pia hakuna kitu. TLD unaweza kuimeza ukiwa umemanga ama hujamanga. Maji inatosha. Kama inakuletea kichefuchefu, ambia kliniki wakusaidie, lakini usikubali njaa ikunyang'anye dawa pia. Na wewe wa Majengo ama Eastleigh mwenye anafunga Ramadhani, tembe moja kwa siku inaingia poa kwa futari ama daku.

Wikendi ndio balaa ingine. Msee anajua ataingia keroro, basi anaacha dawa ati zitapigana. Pombe inakuangusha kwa njia ingine: unazima kabla saa ifike, unaamka Jumapili mchana kwa keja ya wenyewe na kopo iko kwenu. Kama kuna sherehe, meza kabla utoke. Hata ukiwa umelewa tayari na saa imefika, meza. Kitu inapigana kweli na dolutegravir ni dawa ya kiungulia yenye aluminiamu ama magnesiamu, ile ya kutafuna ama ile nyeupe ya chupa unabuy kwa kemisti. ARV iingie masaa 2 kabla yake, ama masaa 6 baadaye.

Turudi kwa ile kopo. Weka pamba juu ya tembe, itanyamaza. Kale kapakiti kadogo umekapata ndani usikatupe, kanakula unyevu. Bebanga tembe mbili tatu kwa kikopo kikavu chenye kifuniko, ikae kwa begi ya kila siku, ndio ukilala nje usiwe mikono mitupu. Na hiyo saa tatu usiku si sheria. Ilizoeleka sana wakati wa efavirenz, ju ilikuwa inaleta kizunguzungu na ndoto za ajabu, so ilikuwa afadhali ulale nayo. TLD inaingia hata asubuhi, na kuna wasee inawakatia usingizi wakiimeza usiku. Chagua saa uko solo kila siku, kama ukienda kuoga. Kliniki watakushow vile utahama bila kuruka dozi.

Na ujue unajitafutia nini. Ukimeza poa hadi virusi visionekane kwa kipimo, humwambukizi mtu unayelala naye. Utafiti wa PARTNER huko Ulaya, ulitoa majibu 2016 na 2019, ulifuata macouple ambao mmoja ana HIV na mwingine hana, na hawatumii kondomu. Pale mwenye HIV alikuwa kwa dawa na virusi vimeshikwa chini, hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake. Msee wetu aliyelala kwa manzi akaacha kumeza ndio asijulikane, alikuwa anaacha hiyo ngao yenyewe.

Ndio maana mimi ningependa uwe na mtu mmoja anajua. Mmoja tu. Hapa kwetu kitu kama hiyo ilijaribiwa, Nairobi na Kajiado, kwa utafiti unaitwa WelTel uliochapishwa 2010. Watu 538 walikuwa ndani. Nusu yao walikuwa wanatumiwa SMS kila wiki, neno moja: Mambo? Unajibu Sawa ama Shida ndani ya masaa 48, na ukisema Shida ama ukinyamaza, nesi anakupigia. Kwa hao, 57 kati ya kila 100 walishikilia virusi chini. Kwa wale hawakutumiwa, 48. Beshte yako, sista yako ama mathe anaweza kukutumia hiyo "mambo" leo, na hauhitaji kuandika neno "dawa" popote.

Kama umelenga siku nyingi, hata miezi, rudi. Najua unaogopa kugombezwa, na kuna wahudumu wenye maneno makali. Enda tu na kopo yako vile iko, tembe zikiwa zimebaki nyingi, usizimwage ndio hesabu ikubali. Wakijua ukweli watakupima vile inafaa na kukuanzisha vizuri; wakidanganywa watadhani dawa imekataa mwili na wanaweza kukubadilishia bure. Usingoje tarehe ya kadi. Kesho asubuhi ukirauka, pitia.