Majani ya Marakuja Yageukapo Rangi

Katika viwanja vya Rohero, jijini Bujumbura, mmea wa marakuja hauombi nafasi kubwa. Hutambaa juu ya uzio, hufunika ukuta wa jikoni, huwapa watoto kivuli na kuleta kinywaji mezani. Watanzania huyaita matunda yake karakara; Wakenya, pasheni. Kwa nyumba inayotegemea mshahara mmoja, mmea mmoja wenye afya huokoa fedha ambazo zingekwenda sokoni kila juma.

Majani yaanzapo kugeuka rangi, hukumu mbili za haraka hutolewa, na zote huleta hasara. Wako wang'oao mmea uliokuwa na njaa tu. Wako pia waubembelezao mmea wenye virusi, hata kisu cha kupogolea kikaeneza ugonjwa katika ua wa jirani.

Kwanza na yatazamwe ni majani yapi yaliyotangulia kuugua. Majani makongwe ya chini yakipauka yote huku machipukizi yakibaki ya kijani, udongo umepungukiwa na naitrojeni. Samadi iliyooza vema, ikizungushwa mbali kidogo na shina, yatosha kuurudisha mmea katika hali yake. Manjano ikikaa kati ya mishipa ya majani hayo makongwe, kilichopungua ni magnesiamu. Ikiwa majani machanga ndiyo ya manjano na mishipa yake ingali ya kijani, mmea haupati madini ya chuma. Hata hivyo, katika kiwanja kinachotuamisha maji ya mvua, mizizi iliyokosa hewa hutoa dalili zifananazo na hizo. Ni busara kuchimba mfereji kabla ya kununua mbolea.

Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, jani na ligeuzwe. Vitone vidogo vya kupauka upande wa juu, pamoja na utando mwembamba upande wa chini, ni kazi ya utitiri mwekundu, adui apendaye vumbi na joto. Maji yarushwayo kwa nguvu chini ya majani humpunguza, na maji yenye sabuni kidogo, yakinyunyizwa jioni, huongeza nguvu ya tiba hiyo.

Mvua zirejeapo huja madoa ya kahawia, yenye duara ndani ya duara, yaletwayo na kuvu aitwaye Alternaria. Majani hupukutika na matunda hupata makovu yaliyobonyea. Hapa mkasi una faida kuliko dawa: matawi yaliyosongamana yapunguzwe ili upepo upite, na majani yaliyoanguka yachomwe. Ndipo ifuate dawa ya shaba. Gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa iliyozimwa huyeyushwa kila moja peke yake, kisha huchanganywa kufikia lita 10 za maji, katika ndoo ya plastiki wala si ya chuma. Mwenye kunyunyiza afunike uso na mikono, na watoto wakae mbali.

Ugonjwa usio na tiba ni ule wa virusi. Majani hujikunja na kuwa na mabaka ya kijani kilichoiva na kijani kilichofifia. Matunda hubaki madogo, yenye ganda nene gumu kama ubao. Vidukari huueneza, na kisu vilevile. Baadhi ya virusi hivyo hushambulia hata kunde, kwa hiyo si vema kuzipanda chini ya marakuja. Mmea wa namna hii hung'olewa na kuchomwa bila huruma, wala kipande chake kisitolewe kuwa mbegu, hata ndugu akiomba. Mashamba makubwa yaliyoanzishwa Kenya tangu 1933, na baadaye Uganda, yaliharibiwa na magonjwa na wadudu walioenea kwa wepesi.

Mmea wote ukinyauka ghafla ilhali udongo una unyevu, shina likatwe karibu na ardhi. Rangi ya kahawia ndani yake yaonyesha kuvu wa Fusarium, akaaye udongoni kwa miaka mingi. Hapo pasipandwe tena marakuja ya zambarau.

Kwa kweli, aina hiyo ya zambarau yapenda milima, mita 1,200 na kuendelea juu, ambapo hewa ni baridi. Rohero, karibu na Ziwa Tanganyika, iko chini ya kimo hicho, na mbegu iliyokamuliwa kutoka tunda la milimani huanza maisha yake mjini ikiwa dhaifu. Aina ya manjano huvumilia joto na humshinda Fusarium. Hata zambarau yaweza kubandikwa juu ya shina lake. Lakini ua la manjano halijichavushi lenyewe. Yapandwe mashina mawili yatokanayo na mbegu mbalimbali, na maua yakifunguka mchana, nyuki wasifukuzwe.