Mbwa Aokoaye na Mbwa Aliyeokolewa: Tatizo la Tafsiri

Maneno ya kigeni yanayompotosha mfasiri aghalabu si yale magumu, bali ni yale yanayoonekana mepesi. Waingereza wanayo istilahi inayoundwa kwa kuweka jina la tendo la kuokoa mbele ya jina la mbwa, bila kiungo chochote kati yao. Istilahi hiyo moja hutaja wanyama wawili walio mbalimbali kabisa. Wa kwanza ni mbwa aliyefunzwa kunusa na kutafuta watu waliofukiwa na kifusi. Wa pili ni mbwa aliyetupwa au kuteswa, kisha akachukuliwa na kupewa makao mapya. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuchagua, kwa kuwa vitenzi vyetu humtenga mtenda na mtendwa: okoa, okolewa.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliukumba Mkoa wa Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Tuchukulie kwamba baada ya msiba kama huo ofisi ya wilaya, Karagwe au Kyerwa, imepokea waraka wa kigeni unaoahidi kuleta mbwa wa aina ya kwanza, na mfasiri akaandika, "Mbwa waliookolewa wataletwa kesho." Mwananchi ambaye ndugu yake yungali chini ya ukuta ataelewa kuwa mbwa wametangulizwa kuokolewa, na watu wamesahauliwa.

Wako watakaopendekeza "mbwa mwokozi". Lakini neno Mwokozi limekwisha kuhodhiwa na dini. "Mbwa aliyeokoka" nalo halifai. Tangu uamsho wa Kikristo wa miaka ya 1930 uliotoka Rwanda na Uganda, nchi zinazopakana na Kyerwa, mtu "aliyeokoka" ni yule aliyetubu dhambi. Msikilizaji atacheka, na maana itapotea. Mwalimu anaweza pia kutumia Kinyambo kufafanua jambo hili, kwani lugha hiyo nayo ina kiambishi cha kutendwa -w-: kujuna ni kuokoa au kusaidia, na kujunwa ni kuokolewa. Jina Mujuni, linalosikika sana mkoani Kagera, lina maana ya mtenda. Mnyambuliko wa vitenzi vya Kinyambo ulichunguzwa kwa kina na J. M. Rugemalira katika tasnifu yake ya mwaka 1993.

Tatizo la pili hutokea mbwa huyo anapoingia michezoni. Mwaka 1978, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts mjini London, palionyeshwa mchezo mpya ulioigwa kutoka mashindano ya farasi ya kuruka. Mbwa huruka miti, hupenya bomba, hupita juu ya ubao unaoinama upande huu na huu kama mizani, na hujipinda katikati ya safu ya vijiti. Mwongozaji hukimbia kando yake akimwelekeza kwa sauti na ishara, bila kumgusa. Saa huhesabu, na kila kosa huongeza alama za adhabu. Baadaye maonyesho hayo yaliweka nafasi kwa mbwa waliookolewa. Humo Kratu, mbwa mwenye asili ya Romania, alipendwa na watazamaji si kwa ushindi bali kwa kuupuuza utaratibu wote.

Mchezo huu tuuiteje? Riadha tayari ina "mbio za kuruka viunzi", lakini mbwa huyu haruki tu. Hupenya na kupanda pia. "Vikwazo" siku hizi humkumbusha msomaji siasa za mataifa, na "pingamizi" humpeleka mahakamani. "Wepesi" hutaja sifa ya mbwa, si mchezo wenyewe. Linalobaki ni "vizuizi". Neno hili hutukumbusha kizuizi cha barabarani, lakini maana yake ya asili inatosha: kitu kinachomzuia apitaye.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

1. Mbwa wa uokoaji: afanyaye kazi hiyo, kwa mfano wa "mbwa wa polisi".

2. Mbwa aliyeokolewa: aliyetolewa katika dhiki. Si lazima awe mbwa koko, maana wengine walikuwa na wenyewe waliowatupa.

3. Mbio za vizuizi za mbwa: mchezo wenyewe; neno "kiunzi" libakie kwa kile kirukwacho tu.

Walimu na watumishi wa serikali wa Karagwe na Kyerwa wanaweza kuzijaribu istilahi hizi mbele ya wasikilizaji wao. Mfasiri naye, kabla ya kushika kalamu, ajiulize kwanza: katika habari hii, nani anaokoa, na nani anaokolewa?