Altrasaundi ya Mimba Changa: Mama Mfanyakazi Ategemee Nini

Katika mashamba ya maua ya Wakiso, ya chai ya Kabarole na ya miwa ya Kakira, akina mama wengi hufanya kazi wakiwa na mimba changa. Wakiambiwa waende kupigwa altrasaundi, wengi huingiwa na hofu. Baadhi husema mashine ile inamchoma mtoto, na wengine husema ni mambo ya matajiri. Inafaa tuelezane.

Mashine hii ina asili ya kiwandani. Mafundi wa chuma walikuwa wakitumia sauti kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya vyuma. Mwaka 1955 daktari Ian Donald wa Glasgow, Uskoti, alikwenda katika kiwanda cha maboila cha Renfrew, akajaribu chombo cha mafundi hao juu ya uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa. Mwaka 1958 yeye, daktari John MacVicar na injinia Tom Brown walitangaza matokeo yao katika jarida la The Lancet. Mashine hutoa sauti isiyosikika kwa sikio. Sauti ikigonga kitu tumboni hurudi kama mwangwi, na mwangwi huo hugeuzwa kuwa picha. Haina mionzi kama eksirei, wala haichomi.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki 24. Hapa Uganda kipimo hupatikana hospitalini na katika baadhi ya vituo vya afya vya daraja la 4. Uliza bei kabla ya kulala kitandani.

Siku ya kipimo huenda ukaambiwa unywe maji mengi na usiende haja ndogo, kwa kuwa kibofu kilichojaa husaidia mfuko wa uzazi uonekane. Utapakwa jeli ya baridi tumboni, na mpimaji atapitisha kifaa kidogo juu yake. Ikiwa mimba ni changa sana, pengine ataomba kutumia kifaa chembamba kinachoingizwa ukeni, kikiwa kimevikwa kinga safi. Hakimdhuru mtoto. Lakini una haki ya kuelezwa kwanza, kukubali au kukataa, na kuomba mwanamke mwingine awepo chumbani.

Kwa kawaida katika wiki ya 5 huonekana kifuko cha mimba tu. Mapigo ya moyo huanza kuonekana karibu na wiki ya 6. Kwa hiyo ukiambiwa urudi baada ya wiki moja au mbili, usidhani mara moja kwamba mtoto amekufa. Huenda mimba ni changa kuliko ulivyohesabu. Kama mwana ni wa kike au wa kiume, hilo bado halionekani.

Mpimaji hutazama kama mimba imo ndani ya mfuko wa uzazi, kama mtoto ni mmoja au mapacha, na kama moyo unapiga. Pia hupima urefu wa mtoto ili kujua umri wa mimba. Mimba iliyotunga nje ya mfuko inaweza kupasua mrija na kumwua mama kwa damu inayovuja ndani. Ukipata maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, maumivu ya bega, kizunguzungu au kutokwa damu, acha kazi na ukimbilie hospitali. Usingoje zamu iishe.

Jambo moja limevunja nyumba za watu, nalo ni hesabu ya wiki. Hospitali huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani kama wiki 2 kabla mimba haijatunga. Karatasi ikisema wiki 8, mimba ina takriban wiki 6 tangu itunge. Ndugu mume uliyekuwa safarini, fahamu hesabu hii kabla ya kumnyoshea mkeo kidole.

Je, chama kinahusikaje? Kipimo cha mapema hukadiria siku ya kujifungua vizuri kuliko cha miezi ya mwisho. Ukiijua tarehe hiyo, unaweza kupanga likizo bila kubishana na ofisi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliweka likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na angalau wiki 4 kati yake ziwe baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Baba naye aliwekewa siku 4 za kazi. Sheria hiyohiyo ilikataza kumfukuza mwanamke kwa sababu ya mimba.

Wako dada wanaoficha mimba kwa kuogopa kufukuzwa, huku wakiendelea kunyunyiza dawa za wadudu. Miezi 3 ya kwanza ndiyo viungo vya mtoto vinapoumbwa. Dada, usifiche. Mwone mwakilishi wa wafanyakazi, mwombe afuatane nawe kwa msimamizi mdai kazi nyingine isiyo na dawa. Picha ya tumbo lako ni yako. Peleka barua ya daktari yenye tarehe, nawe ubaki na nakala.

Nanyi wawakilishi, dada akija kwenu, litunzeni neno lake, na siku hiyohiyo mfuatane naye.