Chimbuko la Sheria na Daraja Zake

Aghalabu mtu aanzaye kusoma sheria hudhani kuwa sheria ni kitabu kimoja kikubwa, ambacho hakimu hukifunua na kusoma humo jawabu la kila shauri. Na dhana hiyo isipoondolewa mapema, humchelewesha mwanafunzi hata miaka. Sheria ya Tanzania Bara ina machimbuko mengi, na machimbuko hayo hayakai sawa kwa sawa, bali kila moja lina daraja yake.

Juu ya yote iko Katiba ya mwaka 1977, ambayo katika ibara ya 64 yatamka kwamba sheria nyingine yoyote ikienda kinyume chake ni batili kwa kiasi kile inachopingana nayo. Chini yake ziko sheria za Bunge, ambazo huanza kwa muswada na kutimia kwa sahihi ya Rais. Kisha kanuni za mawaziri na sheria ndogo za halmashauri. Maamuzi ya Mahakama ya Rufani nayo huzifunga mahakama zote zilizo chini yake. Tumerithi pia kanuni za kimahakama za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, nazo hutumika kwa kadiri hali ya nchi yetu iruhusuvyo. Kadhalika ziko mila za makabila, na sheria ya Kiislamu katika mambo ya ndoa na mirathi ya Waislamu.

Katika jinai, Jamhuri humshtaki mshtakiwa. Katika madai, mdai humdai mdaiwa. Na asiyeridhika na hukumu akipanda mahakama ya juu huitwa mrufani, na mwenzake mjibu rufani. Wapo wamwitao mdaiwa mshtakiwa, na kosa hilo si dogo hata kidogo, kwa maana humvika mtu aibu ya uhalifu ilhali yumo katika ugomvi wa mpaka wa shamba tu.

Lakini daraja za sheria hazieleweki vema mpaka zigongane. Bibi mmoja wa Kihaya, wilayani Muleba, aliachiwa na baba yake ardhi ya ukoo kwa wasia halali. Na alipojiona amezeeka, wala hana wa kumtunza, mwezi Agosti 1988 akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Siku ya pili yake mtoto wa ndugu yake akafungua madai katika Mahakama ya Mwanzo, akisema kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Wala hakusema uongo: mila hiyo ilikuwamo katika zile zilizoandikwa na kutangazwa na serikali mwaka 1963. Mahakama ya Mwanzo ikampa haki, ikaamuru bibi arudishe fedha.

Mahakama ya Wilaya ikatengua hukumu ile, na shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya. Mwaka 1984 haki za binadamu zilikuwa zimekwisha kuingizwa katika Katiba, na ibara ya 13 yakataza ubaguzi. Basi mwaka 1990 jaji akahukumu kwamba mila imnyimayo mwanamke uwezo alionao mwanamume haiwezi kusimama mbele ya Katiba, na mauzo yale yalikuwa halali. Naona fahari kwamba hoja kubwa kama hiyo ilitatuliwa kwa ajili ya shamba la ajuza mmoja.

Mwanafunzi na atazame pia kile ambacho jaji hakukifuta. Kwa mila hiyo hiyo, mwanamume akiuza ardhi ya ukoo kwa mgeni, ndugu zake waweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Desturi hiyo haikumbagua mtu, hivyo ikabaki, na yule aliyeshindwa akaruhusiwa kuikomboa ardhi ile kwa kulipa shilingi 300,000 zile zile.