Chuma na Kitambaa: Jinsi Deraya Ilivyomkinga Mpiganaji na Mishale

Kila tusomapo Sura ya Al-Anbiyaa na Sura ya Sabaa, twakutana na neema aliyopewa Nabii Daud (A.S.): Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, akamfundisha kuunda deraya, vazi la kumkinga mtu vitani. Na wengi wetu twajua kuwa mahari ya Bibi Fatma (R.A.) yalitokana na deraya ya Sayyidna Ali (R.A.). Vazi hili twalitaja darasani na harusini, lakini ni wachache waliowahi kujiuliza: nguo iliyojaa matundu iliwezaje kuuzuia mshale?

Deraya ilifumwa kwa maelfu ya pete ndogo za chuma, kila pete ikishikana na nyingine nne. Mhunzi alizibonda ncha za pete, akazitoboa, kisha akazifunga kwa kijisumari ili zisiachane. Vazi zima lilikuwa na uzani wa takriban kilo 10 hadi 15, nalo lilijikunja mwilini mithili ya kitambaa. Mbele ya makali ya upanga lilikuwa ngome. Mshale wenye kigumba kipana nao ulikwama, kwa kuwa nguvu zake zilitawanyika juu ya pete nyingi kwa pamoja. Hatari ilikuwa kigumba chembamba. Hicho kiliingia katika tundu la pete moja, kikaipanua kama kabari, hata kijisumari kikakatika. Na pete hata isipopasuka, kishindo cha pigo kiliweza kuumiza nyama na kuvunja mbavu.

Ndiyo maana chuma hakikuachwa peke yake. Pamoja nacho palikuwa na juba nene la kitani au pamba, lililodariziwa tabaka juu ya tabaka, au la sufu iliyoshindiliwa. Kazi ziligawanyika. Chuma kilipokea pigo la kwanza. Mshale uliofaulu kuvunja pete ulikuwa umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Zilizosalia zilimezwa na kitambaa: nyuzi ziliubana mshale, na kishindo kikatandazwa kabla ya kuufikia mwili. Mama yeyote aliyewahi kusukuma sindano katika pindo nene la nguo anajua jinsi tabaka nyororo zinavyoweza kukishinda chuma chenye ncha.

Shahidi wa jambo hili ni Bahauddin ibn Shaddad, kadhi wa jeshi la Sultani Salahuddin Ayyubi. Mwaka 1191 aliliona jeshi la Wafaranji, likiongozwa na Mfalme Richard wa Uingereza, likitoka Akka kwenda Yafa kwa njia ya pwani. Waislamu waliwamiminia mishale, lakini askari wa miguu walikuwa wamevaa sufu nene na deraya. Kadhi aliona watu wenye mishale hata kumi imechomeka migongoni, nao wakiendelea kutembea bila ya kutoka katika safu zao. Hakuuficha ustahimilivu wa adui, aliandika alichokiona. Kwa farasi haikuwa hivyo, na wengi waliuawa kwa mishale.

Waislamu nao walikuwa na kazaghandi, yaani deraya iliyofichwa ndani ya joho. Usama ibn Munqidh, wa ukoo wa maamiri wa Shaizar huko Shamu, ameieleza yake katika Kitabul I'tibar: deraya mbili ndani ya vazi moja, pamoja na bitana, sufu iliyoshindiliwa, hariri na manyoya ya sungura. Salahuddin mwenyewe aliokolewa na mavazi ya namna hii mwaka 1176 karibu na Azaz, muuaji alipomrukia kwa kisu. Chuma kilichokuwa chini ya kilemba kilikinga kichwa, na ukosi wa kazaghandi ukakinga shingo.

Hata kitambaa peke yake kilikuwa na heshima yake. Katika karne ya 15, enzi za Mfalme Louis XI, Wafaransa waliagiza askari washonewe majuba ya tabaka 30 za kitambaa, au 25 na ngozi ya paa. Tena nguo kuukuu iliyolainika kwa kuvaliwa ndiyo iliyopendelewa.

Ama Richard, mwaka 1199 alitoka jioni kuikagua ngome ya Châlus, Ufaransa, bila ya kuvaa deraya. Mshale ulimpata begani, jeraha likaoza, akafa tarehe 6 Aprili.

Mtume wetu (S.A.W.), ambaye hakuna aliyemshinda kwa kumtegemea Mola wake, siku ya Uhud alivaa deraya mbili, moja juu ya nyingine. Basi mtoto akituuliza kwa nini ajikinge ilhali Mwenyezi Mungu ndiye Mlinzi, tumsimulie habari ya deraya hizo mbili.